Hesabu ya Ndoo

Jezi kumi na sita, soksi jozi kumi na sita,
bukta kumi na tano (moja iliibwa Tandahimba, kwenye kamba):
ndoo kumi na mbili, vumbi likiwa la kawaida,
kumi na tano kama wamecheza na Masasi.
Hapa Newala, kiangazi, ndoo ni mia tano,
na bomba likikohoa tu bila kutema, ni elfu.
Hesabu hii hakuna aliyewahi kuniomba.

Jana waliitana maktaba, saa mbili usiku.
Mkuu wa Chuo, mhasibu, Mwalimu Likokora wa michezo,
na nahodha Nampoto, wa umeme mwaka wa pili,
kiatu kimefungwa waya mwekundu badala ya kamba.
Mimi niliitwa kwa ajili ya chai.
Tumeongoza mkoa, na barua imekuja:
njooni daraja la juu, au andikeni kwamba hamji,
mwisho Ijumaa, mhuri usomeke.

Likokora alisimama, akasahau kuwa kuna viti.
Alisema jina la chuo litatajwa redioni
kati ya tangazo la sabuni na bei ya ufuta.
Alisema, vijana hawa mara ya mwisho kusikia neno daraja
lilikuwa la nne, limebandikwa ukutani
watu wote wa kijiji wakipita.
Sasa kuna daraja linawaita.
Tulijibu nini?
Hapo hata mhasibu aliangalia meza.

Kisha mhasibu akafungua daftari.
Bukoba: nauli, kulala, kula, kurudi.
Kigoma. Musoma.
Nampoto miji hiyo aliiona kwenye ramani ya darasani,
na upande huo mchwa walishaula.
Fedha iliyopo, alisema Bwana Mchopa, ni ya karakana.
Mwaka huu misumari, au mwaka huu Bukoba.
Na Juni nusu ya timu inahitimu.
Tunapanda na nani?

Mtu akakumbusha uwanja.
Kanuni inataka urefu, wetu una pengo la hatua tisa.
Upande mmoja ardhi inaishia, bonde linaanza.
Upande wa pili, hatua ya saba nyuma ya goli,
umesimama mkorosho wa Mama Benedikta.

Aliitwa. Hakukaa.
"Mwaka jana ulinipa kilo ishirini na nane,
fedha ya mnada nikaiona Februari.
Mkiukata, andikeni mtanilipa lini.
Ila wale wanaokuja kuwatazama mkifungwa,
watafungwa nanyi juani?"
Watu walicheka.
Likokora hakucheka. Nampoto alikuwa anakata ukucha kwa meno.
Nikamimina chai ya pili, sukari ikaisha,
na Mkuu akasema tulale nalo.

Alfajiri nilitoka na beseni kwenda kuanika.
Nampoto yupo uwanjani, peku,
anapima kwa hatua kutoka upande wa bonde,
anafika golini, anarudi, anaanza tena,
kila safari miguu inazidi kutanuka.
"Dada Somoe," akasema, "ukianzia huku
zinapungua nane tu."
Sikumjibu. Nilikuwa na kibanio mdomoni.

Nilianika namba tisa, yake,
kwapa nimelishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa kijani umekwisha.
Nikafikiri juu ya Bukoba.
Wanasema kule kuna ziwa,
maji matamu, yanaishia pasipoonekana,
unaingia mpaka magotini na nguo zako
na hakuna mtu amekaa kando na ufunguo wa bomba.

Mhasibu aliandika nauli za wachezaji, za mwalimu, za daktari.
Ya mfuaji haikuwemo, niliangalia nilipokuwa namimina.

Sijawahi kufua bila kuhesabu.